Jirani, Ukuta na Urithi: Historia ya Malalamiko juu ya Nyumba Mpya katika Mji Mkongwe wa Unguja

Kamusi za Kiswahili hueleza neno jirani kwa maneno machache: mtu akaaye karibu na mwingine. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, na huko jiran ni wingi, umoja wake ukiwa jar. Kiswahili kilichukua wingi huo kikaufanya umoja, kisha kikaunda wingi mpya, majirani. Mabadiliko ya namna hii ni ya kawaida lugha zinapokopeshana, wala hatudai kwamba waliolikopa neno hilo walikuwa na falsafa maalumu. Hata hivyo jambo hilo la sarufi linatupa pa kuanzia, kwa kuwa makala haya yanahusu mji ambamo ni nyumba chache tu zinazosimama peke yake, na ambamo anayejenga hujenga pamoja na wengine hata asipotaka.

Mji huo ni Mji Mkongwe wa Unguja. Tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Eneo lililoorodheshwa ni hekta 96, na majengo yaliyomo ni 1,700 hivi. Humo, nyumba mpya inapoinuliwa au ghorofa inapoongezwa juu ya nyumba ya zamani, majirani hulalamika, na malalamiko yao hupokewa kwa namna mbili. Wenye kujenga huyaita husuda. Wapenzi wa mambo ya kale huyaita utetezi wa urithi. Tunakusudia kuonyesha kwamba pande zote mbili hazikusikia vizuri. Jirani wa Mji Mkongwe, aghalabu, hamwonei mwenzake kijicho wala hatetei historia. Anadai haki iliyokuwapo kabla ya sheria yoyote ya uhifadhi, tena haki iliyochangia kuupa mji umbo lake. Sheria za uhifadhi zilipokuja zililinda mawe, lakini haki hiyo zikaiacha nyuma.

Msomaji wa Kongo aweza kuuliza kwa nini tuvuke ziwa na bahari kwenda kutafuta ugomvi wa majirani, ilhali kwetu upo wa kutosha. Jibu la kwanza litapatikana katika sehemu ya pili ya makala haya, na la pili katika hitimisho.

1. Mji wa kuegemeana

Mji Mkongwe umekaa juu ya rasi ya Shangani, upande wa magharibi wa kisiwa. Waomani, baada ya kuwashinda Wareno huko Mombasa mwaka 1698, walijenga ngome kwenye rasi hiyo, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Lakini nyumba nyingi za mawe tunazoziona ni za karne ya 19, tangu Seyyid Said alipoihamishia Unguja makao ya utawala wake hadi enzi za wanawe waliomfuata baada ya kifo chake mwaka 1856. Beit al-Ajaib, jumba kubwa kuliko yote, lilijengwa na Sultani Barghash mwaka 1883.

Vifaa vya ujenzi vilikuwa vichache na vya mahali hapo: mawe ya matumbawe, chokaa, udongo mwekundu na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko haina urefu mkubwa, kwa hiyo chumba hakikuweza kuwa na upana wa zaidi ya mita tatu hivi. Mawe ya matumbawe ni mepesi na yenye vitundu, kwa hiyo ukuta ulilazimika kuwa mnene, kupita nusu mita, na hata hivyo msingi wake haukwenda chini sana. Nyumba ya namna hii hupata nguvu kwa kuegemea ya pili yake. Katika vichochoro vingi ukuta mmoja umebeba boriti za pande mbili, na ukiuliza ukuta ni wa nani, utaambiwa ni wa wote wawili.

Hapo ndipo haki ya jirani ilipoingia. Wakazi wengi walikuwa Waislamu, na masultani waliweka makadhi wa madhehebu mawili, Ibadhi na Sunni, ili kila mtu ahukumiwe kwa madhehebu yake. Fikihi ya Kiislamu ina mlango mrefu juu ya mambo ya majirani: ukuta wa ushirika, maji yatiririkayo kutoka darini, njia isiyopenya, dirisha linalochungulia. Kanuni yake kuu ni kwamba mtu ana uhuru katika milki yake maadamu hamdhuru mwenzake. Juu ya kimo cha nyumba wanazuoni walihitilafiana, kwani wengine waliona kuwa hewa iliyo juu ya milki ya mtu ni yake hata kama jirani atakosa mwanga. Lakini dirisha linalofunua ua wa ndani, mahali pa wanawake wa nyumba, walilikemea wengi wao.

Athari ya mawazo haya inaonekana katika majengo yenyewe. Nyumba za Waarabu ziliugeukia ua wa ndani na kuonyesha njiani ukuta mtupu wenye mlango wa nakshi. Nyumba za Wahindi ziliweka duka chini na roshani juu, lakini roshani zilifunikwa kwa mbao zilizotobolewa, ili aliye ndani aone pasipo kuonekana. Waswahili husema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hiyo huonya dhidi ya kuhukumu kwa sura ya nje, lakini kwa mwanahistoria wa miji ina maana ya pili: thamani ya nyumba hizo ilikuwa katika kile ambacho mpita njia na jirani hawakuruhusiwa kukiona.

2. Pembe za Maniema na vibanda vya rasi

Fedha iliyojenga nyumba hizo ilitoka katika karafuu, katika biashara ya pembe za ndovu na katika utumwa. Sehemu ya pembe hizo ilitoka kwetu. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliyetuachia habari za maisha yake kwa Kiswahili, alifanya makao yake Kasongo katika miaka ya 1870, na mwaka 1887 aliwekwa kuwa liwali wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo, kwa niaba ya dola ya Leopold wa Pili. Baadaye alirudi Unguja, akafa huko mwaka 1905. Nyumba yake ipo Shangani, na baada ya Mapinduzi ya 1964 ilikaliwa na familia kadhaa kwa pamoja. Kwa hiyo Mkongomani anayesimama mbele ya mlango wake hatazami urithi wa watu wengine peke yao. Wapagazi wa Maniema na watumwa wa Maniema wamo katika hesabu ya ukuta ule, ingawa majina yao hayakuandikwa mahali popote. Hilo ndilo jibu la kwanza kwa msomaji aliyeuliza.

Jambo jingine halina budi kutajwa hapa, maana wapenzi wa urithi hulisahau. Mji wa mawe haukuanza ukiwa wa mawe. Katikati ya karne ya 19, Mfaransa Guillain alipoutembelea mwaka 1846, nyumba za mawe zilikuwa zimechanganyika na vibanda vingi vya udongo na makuti ndani ya rasi hiyo hiyo. Kadiri matajiri walivyojenga, vibanda vilipungua, na waliokuwa wakikaa humo wakasogea ng'ambo ya hori lililoutenga mji na bara ya kisiwa. Jina la Ng'ambo lina historia hiyo ndani yake, kama vile Darajani inavyokumbusha daraja lililovuka maji hayo.

Maana yake ni nini kwa hoja yetu? Ni kwamba nyumba mpya ya karne ya 19 nayo ilikuwa na majirani walioumia. Nyumba inayolindwa leo kama urithi iliwahi kuwa ndiyo nyumba mpya iliyomsukuma mnyonge. Haki ya jirani ilifanya kazi baina ya wenye mawe. Mwenye kibanda, aliyekaa juu ya ardhi ya mwingine, hakuwa na ukuta wa kudai. Hatuwezi basi kuieleza haki hiyo kana kwamba ilikuwa ya watu wote.

3. Kutoka mpaka wa vifaa hadi nyumba zisizo na mwenyewe

Waingereza walipoifanya Unguja nchi ya himaya mwaka 1890, waliukuta mgawanyiko huu wakaugeuza kanuni. Kanuni zao za ujenzi zilitenga maeneo kwa kigezo cha vifaa: mawe upande huu, udongo na makuti upande ule. Mpango wa mji uliotayarishwa na Lanchester mwaka 1923 ulikubali mgawanyiko huo, na hori likafukiwa kidogo kidogo hadi likawa barabara na viwanja. Katika Ng'ambo wakazi wengi walikuwa na nyumba lakini ardhi ilikuwa ya wengine, na mwaka 1928 waligoma kulipa kodi ya ardhi. Tunautaja mgomo huo kwa sababu unaonyesha kwamba majirani walipokosa kadhi wa kuwasikiliza walijua kusema kwa sauti moja.

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliupindua mji wenyewe. Wenye nyumba wengi walikimbia au walinyang'anywa. Nyumba zikawa za Serikali. Familia kutoka Ng'ambo na mashamba zikapewa vyumba humo. Kwa mara ya kwanza mtu wa kibanda aliingia katika nyumba ya mawe akiwa na haki ya kukaa. Hatuwezi kulidharau jambo hilo. Lakini nyumba iliyojengwa kwa familia moja sasa ilikuwa na familia nne au tano, na dari ya wote haikuwa ya mtu. Mvua zilipenya, boriti zikaoza, kuta zikafunguka. Methali inasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa haukuzibwa na ukuta haukujengwa, kwa kuwa hapakuwa na aliyejua ni wajibu wa nani.

Ndipo wasiwasi wa majirani ulipogeuka. Zamani waliogopa nyumba inayopanda. Sasa waliogopa nyumba inayoanguka. Katika mji wa kuegemeana, nyumba ikianguka humnyima jirani yake tegemeo, na ukuta uliokuwa wa ndani hugeuka wa nje, ukapigwa na mvua ambayo haukuandaliwa kuistahimili.

4. Nyumba mpya na madai ya jirani

Katika miaka ya 1980 siasa ya uchumi ilibadilika. Serikali ikaanza kuuza baadhi ya nyumba, biashara ikafunguliwa, na wageni wa utalii wakaanza kuongezeka. Mwaka 1985 iliundwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Mwaka 1994 ikapata sheria yake, nayo ikafuatwa na sheria mpya mwaka 2010. Mpango wa uhifadhi uliotayarishwa kwa msaada wa taasisi ya Aga Khan, chini ya msanifu Francesco Siravo, ulichapishwa mwaka 1996. Mwanahistoria Abdul Sheriff alihariri mwaka 1995 kitabu juu ya historia na uhifadhi wa mji huo. Wataalamu, kwa hiyo, hawakukosekana.

Lakini fedha nayo ilikuja. Kwenye viwanja vya nyumba zilizoanguka ziliinuliwa nyumba za saruji. Juu ya nyumba zilizosalia ziliongezwa ghorofa na baraza za darini kwa ajili ya wageni. Tukiyapanga malalamiko ambayo ujenzi wa namna hiyo huleta, tutayakuta katika mafungu manne.

La kwanza ni la ukuta. Chokaa hupumua: unyevu unaoingia ukutani hutoka tena. Saruji huuzuia ndani pamoja na chumvi ya bahari, hata mawe ya matumbawe yakaanza kumomonyoka. Anayepaka saruji upande wake wa ukuta wa pamoja anaweza kuuharibu upande wa mwenzake pasipo kumgusa. La pili ni la uzito. Ghorofa ya zege juu ya kuta zenye msingi mfupi hubebwa pia na nyumba ya jirani, ambaye hakuulizwa. La tatu ni la hewa na maji. Kichochoro chembamba hupoa kwa upepo unaoshuka toka juu; kimo kikizidi, upepo hukatika, na bati jipya humwagia mwingine maji yake. La nne ni la faragha: dari iliyokuwa ya kuanikia nguo ikawa mahali ambapo wageni hunywa chai wakitazama ua wa watu.

Msomaji ataona kwamba katika mafungu hayo manne neno urithi halikutajwa. Ataona pia kwamba yote yangeeleweka mara moja na kadhi wa zama za Barghash, kwani ni mlango ule ule wa fikihi: ukuta wa ushirika, maji ya darini, dirisha linalochungulia. Jirani wa leo huja na madai ya kale, lakini meza anayoyafikisha ni mpya. Afisa wa uhifadhi huuliza kama jengo ni la daraja fulani, kama kimo kimezidi kile kilichoruhusiwa, kama dirisha ni la mbao. Maswali hayo ni ya haki na ya lazima. Hata hivyo mlalamikaji aweza kushindwa katika yote akiwa amedhurika kweli, na aweza kushinda kwa sababu ya dirisha la alumini ambalo halikumkera kamwe.

Nao uorodheshaji wa mwaka 2000, pamoja na sifa yake, uliongeza thamani ya viwanja. Mwenye chumba kimoja alianza kuona mlango wa jirani yake ukigeuka wa nyumba ya wageni. Jirani wa kudumu ana sababu ya kuziba ufa. Mgeni wa siku tatu hana.

5. Kujenga na kutelekeza

Haki inatudai tumsikilize pia anayejenga. Yeye naye ni jirani. Familia imekua, mtoto ameoa, chumba hakitoshi. Boriti za mikoko na mafundi wa chokaa ni adimu, na saruji ipo katika kila duka. Kumwambia mtu kama huyo kwamba nyumba yake ni ya dunia nzima, bila kumsaidia gharama ya kuitunza, ni kumtwika mzigo wa watu wengine. Mji ambao watu wake hawaruhusiwi kuongeza chumba utabaki bila watu, na mji bila watu hauhifadhiki.

Tena hatari kubwa haikutoka kwa mnyonge aliyeongeza chumba. Katika miaka ya 2010 Kamati ya Urithi wa Dunia ilieleza wasiwasi wake kuhusu ukubwa wa hoteli iliyojengwa kando ya jengo la kale la Mambo Msiige, ukingoni mwa bahari huko Shangani. Na tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka wakati wa matengenezo, na watu wakapoteza maisha. Jumba lililojulikana kuliko yote, lenye ulinzi wa sheria zote, lilianguka. Mambo haya mawili, kujenga kupita kiasi na kutelekeza kupita kiasi, huonekana kinyume; lakini chanzo chake ni kimoja. Katika hali zote mbili uamuzi uko mbali na wale ambao ukuta utawaangukia.

Hitimisho

Tumeona kwamba malalamiko ya jirani yana umri mkubwa kuliko uhifadhi. Kwamba yaliwahi kuwa haki ya wenye mawe tu. Kwamba Mapinduzi yalipanua mlango wa nyumba lakini yakaacha wajibu bila mwenyewe. Na kwamba sheria za tangu 1985 zimelinda sura ya mji pasipo kumpa jirani cheo cha mwenye kudai. Maoni yetu ni kwamba uhifadhi ungepata mlinzi wake wa karibu zaidi kama kibali cha kujenga kingemtaka mwombaji apate kwanza kauli ya wanaoshirikiana naye ukuta, si ili wamzuie, bali ili madhara yajulikane kabla ya jiwe la kwanza.

Sasa jibu la pili kwa msomaji. Katika Kiswahili cha Lubumbashi tunalo neno lupango, kiwanja cha mtu pamoja na uzio wake. Ni neno linaloelekeza mawazo katika kutenga, kinyume cha ukuta wa ushirika wa Unguja. Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910, na mitaa yake ya zamani, pamoja na komini ya Kamalondo, imeanza kubadilika mbele ya macho yetu: bustani hukatwa vipande, nyumba ya matofali ya zamani hubomolewa, ghorofa huinuka penye mwembe. Tulikuwa na sheria ya tarehe 15 Machi 1971 juu ya ulinzi wa mali za utamaduni, lakini anayekosa mwanga chumbani hafikirii sheria hiyo. Humwendea shefu wa kartie, husema maneno yake, kisha hurudi nyumbani, na maneno hayo hupotea.

Maneno hayo ni maandiko ya historia ambayo hayajaandikwa. Tunawaomba wanafunzi wa idara zetu, wanapotafuta habari za miji, wasiishie kwenye ramani na tarehe za majengo. Wabishe hodi kwenye nyumba iliyo ubavuni mwa ile inayojengwa, waombe kiti, waandike kile mwenye nyumba anachosema kwa Kiswahili chake mwenyewe. Baadhi ya nyumba hizo hazitakuwapo baada ya miaka michache, na aliyekuwa jirani yake ndiye pekee atakayejua zilisimama vipi.